Matumbo Yasiyokuwepo: Ugomvi Uliozaliwa Ndani ya Tone la Maji

Mwaka 2026 una kumbukumbu mbili kubwa kwa wanaojishughulisha na elimu ya viumbehai. Tarehe 27 Juni inatimia miaka 150 tangu Christian Gottfried Ehrenberg alipofariki dunia mjini Berlin, akiwa ameacha maelfu ya michoro ya viumbe wa majini ambao jicho tupu haliwezi kuwaona. Tarehe 9 Oktoba inatimia miaka 350 tangu Antoni van Leeuwenhoek, mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft nchini Uholanzi, alipoandika barua ndefu kwenda London akieleza kwamba katika maji ya mvua, ya kisima, ya bahari na ya pilipili manga iliyolowekwa ameona wanyama hai wadogo kupita chochote kilichowahi kuelezwa. Baina ya barua hiyo na kifo hicho ilipita miaka 200 kasoro miezi michache, na katika muda huo binadamu alijifunza kutazama ndani ya tone la maji na, jambo lililokuwa gumu zaidi, kuchora kwa uaminifu kile alichokiona. Sehemu ya historia hiyo inayostahili kusimuliwa kwa kirefu ni ugomvi wa kitaaluma uliozuka katika miaka ya 1830 kati ya Ehrenberg na Mfaransa Félix Dujardin, kwa sababu ndio uliosaidia kuamua kiumbe wa seli moja ni kitu gani, na kwa sababu aliyekuwa na hoja ya kweli katika ugomvi huo ndiye ambaye leo jina lake halitajwi darasani.

Hatua za mwanzo zinajulikana na hazihitaji maneno mengi. Mwaka 1665 Robert Hooke alichapisha mjini London kitabu chake Micrographia, kilichokuwa na michoro mikubwa ya kiroboto, ya ukungu na ya kiluwiluwi cha mbu kama kinavyoonekana kwa hadubini, yaani chombo chenye lenzi kinachokuza vitu vidogo. Leeuwenhoek hakufuata muundo wa hadubini ya Hooke iliyokuwa na lenzi zaidi ya moja, bali alitengeneza kwa mkono lenzi moja ndogo sana, akaibana kati ya mabamba mawili ya metali na kukisogeza chombo hicho karibu kabisa na jicho. Alitengeneza vyombo vya namna hiyo zaidi ya 500, na kilicho bora miongoni mwa vichache vilivyosalia hukuza kitu takriban mara 270. Barua yake ya 1676 ilichapishwa mwaka uliofuata ikiwa imefupishwa, na wasomi wa Jumuiya ya Kifalme ya London hawakuiamini mara moja, hata ikambidi kupeleka ushahidi wa maandishi wa watu wanane wa kuheshimika, wakiwemo wachungaji wa kanisa. Mwezi Novemba 1677 Hooke mwenyewe aliwaonyesha wanachama viumbe hao katika maji ya pilipili, ubishi ukaisha, na mwaka 1680 mfanyabiashara huyo ambaye hakusoma chuo kikuu chochote akachaguliwa kuwa mwanachama.

Ubishi kuhusu kuwepo kwa viumbe hao uliisha, lakini ubishi kuhusu sura yao ndio kwanza ulikuwa unaanza. Kabla ya upigaji picha kuvumbuliwa, mchoro ndio uliokuwa ushahidi, kwa kuwa mtu mmoja tu ndiye aliyeweza kuchungulia katika lenzi kwa wakati mmoja, na msomaji aliyekuwa mji mwingine hakuwa na njia ya kuhakikisha zaidi ya kuamini karatasi aliyopelekewa. Aghalabu karatasi hiyo ilikuwa imepita katika mikono ya watu watatu, yaani mtazamaji, mchoraji na fundi wa kuchonga bamba la shaba la kuchapia, na kila mmoja wao aliweza kuongeza au kupunguza jambo bila kukusudia. Leeuwenhoek alikiri kwamba hakujua kuchora vizuri, akaajiri wachoraji wa kuketi naye. Mwaka 1718 Mfaransa Louis Joblot, mwalimu wa hisabati mjini Paris, alichapisha kitabu chenye michoro ya viumbe waliozaliana katika maji yaliyolowekewa majani, na miongoni mwa michoro iliyo sahihi kabisa aliweka mmoja wa kiumbe mwenye uso wa binadamu mgongoni, na uso huo una macho, pua na ndevu. Joblot alikuwa mtazamaji makini, na ndiyo maana mchoro huo unafaa kukumbukwa: unaonyesha jinsi akili inavyoweza kuliletea jicho sura inayoifahamu tayari.

Waliofuata walijaribu kulitatua tatizo hilo kwa njia mbalimbali. Abraham Trembley wa Geneva, aliyekuwa mwalimu wa watoto wa tajiri mmoja karibu na The Hague, aligundua katika miaka ya 1740 kwamba haidra, mnyama mdogo wa maji baridi mwenye mikono myembamba kuzunguka mdomo, akikatwa vipande kila kipande hukua na kuwa haidra kamili. Kitabu chake cha 1744 kilipambwa na Pierre Lyonet, aliyekuwa mtaalamu wa wadudu na fundi wa kuchonga mabamba kwa wakati mmoja, na usahihi wa mabamba hayo bado unawavutia wataalamu. August Johann Rösel von Rosenhof wa Nürnberg, ambaye kazi yake ya awali ilikuwa uchoraji wa picha ndogondogo, alichora mwaka 1755 kiumbe asiye na umbo la kudumu, ambaye sasa hujulikana kama amiba. Naye Otto Friedrich Müller wa Denmark aliwapanga viumbe hao katika makundi na kuwapa majina ya Kilatini kwa utaratibu wa Linnaeus, katika kitabu kilichotoka mwaka 1786, miaka miwili baada ya kifo chake. Wakati huo wote waliitwa infusoria, yaani viumbe wa maji yaliyolowekewa vitu, jina ambalo lilikusanya pamoja viumbe wa seli moja, mwani, minyoo midogo na wanyama wengine wasiohusiana kwa lolote isipokuwa udogo.

Ehrenberg aliingia katika uwanja huo kwa mlango wa jangwani. Alizaliwa mwaka 1795 katika mji wa Delitzsch, karibu na Leipzig, akasomea udaktari, na mwaka 1820 yeye na rafiki yake Wilhelm Hemprich walianza safari ya kisayansi ya miaka mitano katika Misri, Sinai na pwani za Bahari ya Shamu, wakikusanya makumi ya maelfu ya mimea na wanyama. Safari hiyo iligharimu maisha ya wengi wa wenzao, na mwaka 1825 Hemprich naye alikufa kwa homa katika bandari ya Massawa, ambayo leo imo nchini Eritrea, Ehrenberg akarudi Ulaya bila rafiki yake. Mwezi Desemba 1823, akiwa katika mji wa Tor kwenye pwani ya Sinai, alikuta maji ya ghuba yamegeuka mekundu, na alipoyachota na kuyaangalia kwa hadubini aliona vifungu vidogo vya nyuzi nyembamba vikielea ndani ya ute. Kiumbe huyo alimwita Trichodesmium erythraeum katika maandishi yake ya 1830, na sasa anajulikana kuwa ni sayanobakteria, yaani bakteria anayejitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mmea. Wasomaji wa mwambao wa Afrika Mashariki wana sababu ya kulijua jina hilo, kwa kuwa kiumbe huyohuyo huelea katika Bahari ya Hindi, na watafiti waliofanya kazi katika maji ya pwani ya Tanzania wamemchunguza kwa sababu ya uwezo wake wa kuchukua naitrojeni ya hewani na kuirutubisha bahari kwa kuigeuza kuwa chakula cha viumbe wengine.

Mwaka 1829 Ehrenberg alifuatana na Alexander von Humboldt katika safari ya kuvuka Urusi hadi karibu na mpaka wa China, na aliporudi Berlin aliyakabidhi maisha yake yote kwa hadubini. Wakati ulimfaa, kwani lenzi za zamani zilikuwa na kasoro ya kuzungushia kila kitu utando wa rangi za upinde wa mvua, kasoro ambayo mafundi wa Paris, London na Berlin walikuwa wameanza kuiondoa kwa kuunganisha vioo vya aina mbili tofauti. Ehrenberg alikuwa pia na kipaji ambacho wengi waliomtangulia hawakuwa nacho: alichora mwenyewe, jicho moja likiwa kwenye lenzi na mkono ukiwa kwenye karatasi, na hivyo akampunguza mtu mmoja kati ya wale watatu waliosimama baina ya kiumbe na msomaji.

Jaribio lililomjengea sifa lilikuwa jepesi, na wengine walikuwa wamelitumia kabla yake. Alisugua nili safi, ile rangi ya buluu ya kutilia nguo, akaitia kidogo sana katika tone la maji lenye viumbe hai. Chembe za nili haziyeyuki katika maji, bali huelea, na kiumbe kama votisela, mwenye mwili wa mviringo uliofunguka juu na kushikiliwa na bua jembamba linalojikunja ghafla anapoguswa, huzungusha vinyweleo vya mdomoni na kuyavuta maji pamoja na chembe hizo mpaka ndani. Muda si mrefu, ndani ya mwili unaopitisha mwanga huonekana doa la buluu la mviringo, kisha la pili, kisha la tatu, hadi mwili mzima ujae madoa yaliyotengana na yanayokaribia kulingana kwa ukubwa. Ehrenberg aliyahesabu, akayachora, na akahitimisha kwamba kila doa ni tumbo la chakula, na kwamba matumbo yote yameunganishwa na utumbo mmoja kama ilivyo kwa wanyama wakubwa. Kundi zima akaliita Polygastrica, yaani wenye matumbo mengi.

Hakuishia hapo. Doa jekundu la yuglena, kiumbe wa kijani ambaye jina lake alilitoa yeye mwaka 1830, alilihesabu kuwa jicho, na penye jicho akadai lazima pawe na mishipa ya fahamu. Kifuko kinachofunguka na kujifunga, ambacho sasa kinajulikana kuwa kinatoa maji ya ziada mwilini, alikieleza kuwa ni sehemu ya viungo vya uzazi vya kiume. Na kiini cha seli akakiita tezi ya mbegu. Mwaka 1838 yote hayo yalitoka Leipzig katika kitabu kikubwa chenye mabamba 64 ya rangi, na kichwa cha kitabu hicho, Die Infusionsthierchen als vollkommene Organismen, kinatangaza msimamo wake wote: kwamba infusoria ni viumbe waliokamilika kwa viungo vyote. Mabamba yale ni ya ajabu hata leo. Kila kiumbe ameonyeshwa akiwa amekunjuka na akiwa amejikunja, akigawanyika, akila, akiwa na njaa na akiwa ameshiba nili, na vinyweleo vimechorwa kwa mistari myembamba ambayo mchapaji wa sasa angepata taabu kuirudia.

Haki inadai kueleza kwa nini mtu mwenye jicho kali kiasi hicho alikosea. Kwanza, katika kundi lilelile la infusoria walikuwemo rotifa, wanyama wadogo wa maji baridi ambao mwili wao una seli nyingi na ambao kweli wana mdomo, meno, tumbo na utumbo; Ehrenberg alikuwa mmoja wa watu wa kwanza kuwaeleza kwa usahihi, na alichokiona kwa rotifa alikitazamia kwa wengine wote. Pili, alikuwa akipigana vita vya haki. Wasomi wengi wa wakati wake waliamini kwamba viumbe wadogo hujizalisha wenyewe kutokana na uozo bila wazazi, naye aliona kwamba kiumbe mwenye tumbo, utumbo, jicho na viungo vya uzazi hawezi kuwa ametokea tu kwenye nyasi zilizooza. Katika hilo alikuwa sahihi, na Louis Pasteur aliwanyamazisha waliopinga msimamo huo miongo miwili baadaye kwa majaribio ya aina nyingine kabisa, lakini hoja ya Ehrenberg ilisimama juu ya matumbo ambayo hayakuwepo.

Aliyethubutu kulisema hilo waziwazi alikuwa mtoto wa fundi saa. Félix Dujardin alizaliwa mwaka 1801 katika mji wa Tours, akafanya kazi utotoni katika karakana ya baba yake, na elimu yake ya viumbe aliipata kwa kujifundisha. Alianza na foraminifera, viumbe wa baharini wenye magamba madogo ya chokaa yaliyogawanyika vyumba vyumba, ambao Alcide d'Orbigny, mtaalamu aliyeheshimiwa sana mjini Paris, alikuwa amewaweka katika kundi moja na pweza na ngisi kwa kuangalia magamba yao tu. Dujardin aliwatafuta wakiwa hai, akawatazama kwa subira, akaona kwamba kinachotoka katika magamba yale si mikono wala si miguu, bali ni nyuzi za kitu laini kinachojinyoosha, kinachoungana na kujirudisha ndani bila kuacha alama. Mwaka 1835 alikipa kitu hicho jina la sarkodi na kukieleza kuwa ni ute hai unaopitisha mwanga, usioyeyuka katika maji, unaojikusanya kuwa matone na kunata kwenye sindano ya kuchunguzia. Kilichoelezwa hapo ndicho kilichokuja kuitwa protoplazimu, kitu chenye uhai kinachojaza kila seli ya mmea, ya mnyama na ya binadamu.

Akiwa na ujuzi huo Dujardin aliwageukia viumbe wa Ehrenberg na kulirudia jaribio la nili. Aliyaona madoa ya buluu kama alivyoyaona mwenzake, ila yeye hakuridhika kuyahesabu, aliendelea kuyatazama. Akagundua kwamba doa halikai mahali pamoja. Huanzia chini ya mdomo likiwa tone la maji lililobeba chakula, hujitenga, husafiri ndani ya mwili likizunguka pamoja na ute unaolizunguka, na mwisho hutupa nje masalio yake na kutoweka. Tumbo lililoungwa kwenye utumbo haliwezi kusafiri namna hiyo, na ule utumbo wenyewe, ambao katika mabamba ya Ehrenberg umechorwa ukiunganisha tumbo moja na jingine, haukuonekana kwa Dujardin hata mara moja. Matone yale aliyaita vakuoli, yaani nafasi tupu, jina linalotumika mpaka sasa katika vitabu vyote vya baiolojia, na hoja yake yote akaiweka katika kitabu chake cha 1841 kuhusu infusoria.

Ehrenberg hakukubali. Alikuwa ameanza kujibu tayari katika kitabu chake cha 1838, akaendelea kujibu katika maandishi mengine, na mpaka kufa kwake hakuyafuta matumbo. Pande zote mbili zilitumia maneno makali, na kwa muda mrefu mizani ilielemea Berlin, kwa kuwa upande mmoja alikuwepo profesa wa chuo kikuu kikubwa, rafiki wa Humboldt, mwenye kitabu kizito cha mabamba ya rangi ambacho kila maktaba ilitamani kuwa nacho, na upande wa pili mwalimu wa Toulouse na baadaye Rennes, miji iliyokuwa mbali na vyombo na vikao vya Paris. Ni vigumu kwa msomaji wa leo kuyasoma mabishano hayo bila kumwonea uchungu Dujardin. Akademia ya Sayansi ya Ufaransa ilimpa nafasi ya mwanachama wa nje ya Paris mwaka 1859, na mwaka uliofuata akafa.

Uamuzi ulikuja polepole kutoka kwa watu wengine. Theodor Schwann alieleza mwaka 1839 kwamba wanyama wameundwa kwa seli kama ilivyo kwa mimea, na mwaka 1845 Carl Theodor von Siebold akatamka kwamba viumbe wa kundi la protozoa ni wanyama wa seli moja, jambo lililoondoa nafasi ya utumbo na mishipa ya fahamu kwa pigo moja. Mwaka 1861 Max Schultze alionyesha kwamba sarkodi ya Dujardin na ute wa seli za wanyama wengine ni kitu kilekile. Hata hivyo, mshindi naye hakuwa sahihi kwa kila jambo, maana katika kumpinga Ehrenberg alifikia mahali pa kuuona mwili wa kiumbe kuwa ute mtupu usio na mpangilio, ilhali vingi vya vile alivyovichora Ehrenberg vilikuwepo kweli, isipokuwa vilipewa majina na kazi zisizo zake. Kiini alichokiita tezi kilikuwa kiini cha seli, na kinahusika kweli katika uzazi, kama Otto Bütschli alivyoonyesha alipoeleza jinsi viini vya infusoria wawili vinavyobadilika wanapokutana. Kazi hiyo ya Bütschli ilitoka mwaka 1876, mwaka uleule ambao Ehrenberg alizikwa.

Hapo ndipo thamani ya michoro inapodhihirika. Maelezo ya Ehrenberg yalianguka, lakini mabamba yake hayakuanguka, kwa sababu aliweka kwenye karatasi hata yale ambayo hayakuisaidia nadharia yake, na wataalamu wa leo bado wanayarejea wanapotaka kujua jina fulani la kisayansi lilipewa kiumbe gani hasa. Dujardin alitazama vizuri zaidi, Ehrenberg alichora vizuri zaidi, na sifa ikaenda kwa mwenye mchoro. Mwaka 1875, Uholanzi ilipoanzisha nishani ya Leeuwenhoek kuwaenzi wachunguzi wa viumbe wadogo, wa kwanza kuvishwa alikuwa Ehrenberg, akiwa na umri wa miaka 80. Hakuna anayeweza kusema hakuistahili, ila historia iliyoandikwa kwa haki ingemtaja na yule mtoto wa fundi saa pembeni yake.

Sehemu ya pili ya maisha ya Ehrenberg ilikuwa na amani zaidi. Aligundua kwamba chaki, yale mawe meupe ya Ulaya, imejaa magamba ya viumbe wa baharini waliokufa zamani, na kwamba aina fulani za udongo laini wa kung'arishia vyuma ni mabaki ya dayatomu, yaani mwani wa seli moja wenye ganda la silika linalofanana na kioo. Mabaharia, wasafiri na wanajeshi walimpelekea sampuli za tope na vumbi kutoka kila pembe ya dunia. Charles Darwin alimtumia vumbi lililoanguka juu ya meli katika Bahari ya Atlantiki karibu na visiwa vya Cape Verde, na Ehrenberg akatambua ndani yake aina 67 za viumbe, wengi wao wa maji baridi, jambo lililoonyesha kwamba upepo hubeba viumbe wa nchi kavu maelfu ya kilomita juu ya bahari. Kila sampuli aliipaka kwenye kipande chembamba cha ulanga, lile jiwe linalobanduka tabaka tabaka na kupitisha mwanga, akaifunika kwa utomvu usiooza na kuiandikia mahali ilipotoka. Katika miaka ya mwisho, macho yake yalipodhoofika, binti yake Clara ndiye aliyemsaidia kuchora na kuorodhesha. Mkusanyo huo umehifadhiwa katika Makumbusho ya Historia ya Viumbe mjini Berlin, ukiwa na vipande vipatavyo 40,000 na michoro ipatayo 3,000, na wachunguzi wa hali ya hewa ya kale huutumia kulinganisha bahari za karne ya 19 na za sasa.

Baada yake Ernst Haeckel alichora radiolaria, viumbe wa baharini wenye mifupa ya silika, kwa uzuri ulioathiri hata wasanifu wa majengo, kisha kamera ikashika nafasi ya kalamu.

Afrika Mashariki haikubaki nje ya kazi hii, ingawa kwa muda mrefu iliingia kama mahali pa kuchotewa maji tu. Mwishoni mwa karne ya 19 daktari wa jeshi la Kijerumani, Friedrich Fülleborn, alikusanya sampuli katika Ziwa Nyasa na maziwa ya jirani, na dayatomu zake zilielezwa na kuchorwa na Otto Müller wa Berlin katika makala zilizoanza kutoka mwaka 1903. William Cunnington aliongoza msafara wa Ziwa Tanganyika wa 1904 na 1905, na mwani alioukusanya ulielezwa na G. S. West nchini Uingereza mwaka 1907. Kwa hiyo picha za awali za viumbe ambao ndio msingi wa chakula cha dagaa na migebuka zilichorwa na watu ambao wengi wao hawakuwahi kuyaona maziwa hayo, na hadi leo nakala za machapisho hayo ni rahisi kuzipata Ulaya kuliko Kyela, Nkhata Bay au Kigoma. Hilo ni jambo la kusikitisha, kwa sababu michoro hiyo ni kumbukumbu ya hali ya maji kabla ya mbolea za viwandani, kabla ya ongezeko la joto na kabla ya miji ya ziwani kukua, na mvuvi, mtafiti na afisa wa uvuvi wa sasa wana haki ya kujua nini kimepungua na nini kimeongezeka.

Shuleni nako mambo hayaridhishi. Amiba, paramesiamu na yuglena wamo katika masomo ya baiolojia ya sekondari, lakini wanafunzi wengi huwajua kwa kunakili mchoro wa kitabuni ambao nao ulinakiliwa kutoka kitabu kingine, na humaliza shule bila kumwona hata mmoja wao akiogelea. Kufundisha hivyo ni kurudi kwenye hali iliyokuwepo kabla ya Leeuwenhoek, wakati maandishi ya mkubwa yalipokuwa na nguvu kuliko jicho. Hadubini za karatasi za bei nafuu zimeshavumbuliwa, maji ya bwawa hayana bei, na nili ya dukani bado inaweza kuonyesha vakuoli kama ilivyowaonyesha Ehrenberg na Dujardin.

Vyuo vikuu vya Dar es Salaam, Nairobi na Makerere vina wataalamu wa viumbe wa majini wanaoweza kuomba nakala za kidijitali za michoro ya Müller wa Berlin na ya West, na kuzifikisha katika vituo vya utafiti vya kando ya maziwa. Nao walimu wa sekondari waombwe jambo moja: kabla ya kufungua ukurasa wa paramesiamu, wawape wanafunzi tone la maji ya bwawa na penseli, wawaache wachore wanachokiona hata kama hakifanani na cha kitabuni, na majina ya sehemu za mwili yaandikwe baadaye.